Kundi la hadithi za kutisha: je, livunjwe?

Ndugu yangu wa Jinja, umeuliza kama mlivunje kundi lenu la kutunga hadithi za kutisha kwa kuwa mmebaki wanne. Mimi nisingelivunja. Slender Man, mhusika wa kutisha wa mtandaoni aliyebuniwa mwaka 2009, alikuzwa na wengi bila kanuni yoyote, hata wasichana wawili walipomchoma mwenzao kisu huko Wisconsin mwaka 2014 kwa kumwamini, shauku ikageuka hofu. Ilhali SCP Foundation, tovuti ya hadithi za kutisha zinazotungwa na watu wengi, iliyochipuka kutokana na hadithi moja ya mwaka 2007, imedumu kwa sababu kila andiko hupigiwa kura, lisilokubalika hufutwa, na leseni yake humruhusu yeyote kuliendeleza mradi amtaje mtunzi na aitoe kazi yake kwa leseni hiyo hiyo (jambo ambalo wengi wetu hulipuuza). Andikeni kanuni zenu kwanza, kisha anzeni na kisa cha kwenu: mwendesha bodaboda anavuka daraja la Nile usiku, anageuka kudai nauli, na kiti ni kitupu, lakini kikavu katikati ya mvua.