Kabla ya kununua chapa ya Whistler ya Mto Thames

Sahihi iache kwanza. Kwenye "Black Lion Wharf", chapa (picha iliyopigwa kwa bamba la shaba ambalo mistari yake imeliwa na asidi) ya mchoraji Mmarekani James McNeill Whistler, inayoonyesha maghala ya ukingo wa Thames, London, jina lake na mwaka 1859 vimechorwa kwenye bamba lenyewe. Vitaonekana kwenye kila nakala, hata iliyokatwa kitabuni. Na hii imerudufiwa mno, maana ndiyo inayoning'inia ukutani katika mchoro wake maarufu wa mama yake.

Anza na karatasi. Itolewe kwenye fremu (muuzaji akigoma, aga uondoke), zima taa ya dari, kisha mulika tochi kutoka ubavuni. Bamba hupitishwa kwenye rola pamoja na karatasi mbichi kwa mgandamizo mkubwa, hivyo ukingo wake huacha mfuo kuizunguka picha. Pima ndani ya mfuo: takriban sentimita 15 kwa 22.5. Karatasi hunywea ikikauka, kwa hiyo milimita moja au mbili zisikutishe. Sentimita nzima ikipungua, hapo pana jambo.

Mfuo pekee hautoshi, kwa sababu unaweza kugandamizwa baadaye. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 utazame kamba za merikebu. Ukiona vidoto vilivyojipanga safu, hiyo ni picha ya kiwandani. Mstari ulioliwa na asidi ni mweusi mfululizo, ncha zake butu, na wino umeinuka juu ya karatasi kiasi cha kutupa kivuli chembamba chini ya tochi. Fotogravuri, yaani nakala iliyohamishiwa kwenye bamba la shaba kwa njia ya kamera, ndiyo hulaghai wengi: mfuo inao, wino mzito inao. Ila ndani ya mistari yake mna chembechembe kama vumbi.

Usiikatae kwa sababu mandhari yako kinyume na ramani. Whistler alichora moja kwa moja kwenye bamba akiwa mtoni, na uchapaji hugeuza kushoto kuwa kulia.

Chapa hii ilitolewa 1871 ndani ya seti ya chapa 16, lakini nakala za kabla yake zipo pia. Muulize muuzaji yake ni ya lini, na aeleze amejuaje.

Ukishanunua, usipunguze pambizo ili itoshee fremu, bei itaanguka. Ishikize kwa vipande vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, juu ya kadibodi ya pamba isiyo na asidi. Selotepu huacha doa la manjano lisilotoka. Kioo kisiiguse.