Swali la lugha: funza, buu au kiluwiluwi?

Msomaji wa Lindi anafasiri makala kuhusu wachunguzi wanaokadiria wakati wa kifo kwa kutazama wadudu waliokutwa kwenye maiti. Ameandika hivi: "Viluwiluwi vya nzi vilikuwa na umri wa siku tatu, hivyo marehemu alifariki siku tatu zilizopita." Mwenzake anataka "funza". Lipi sahihi?

Andika mabuu. Kiluwiluwi ni wa majini, awe wa mbu au wa chura. Msomaji atawaza dimbwi. Funza si kosa, na mtu wa Mtwara akikuta samaki aliyeharibika hatasema vingine. Ila jina hilo limebeba wengi: wa embe, wa pamba, na yule achimbaye vidoleni, ambaye kwa kweli ni jamii ya kiroboto. Mahakamani wakili atauliza, funza yupi? (Kusini tuna ukarimu huo wa majina. Mbu wa mikorosho naye si mbu.)

Lakini buu naye ana mtego wake. Maandiko mengi ya malaria hutaja yai, kiluwiluwi, buu, kisha mbu kamili, yaani buu hapo ni hatua ya tatu. Kwa hiyo unapomtaja mara ya kwanza, eleza: buu wa nzi, anayetoka kwenye yai. Hatua inayofuata iite bundo. Wengi huandika pupa, nami sigombani nao, ila "wachunguzi walikuta pupa chini ya maiti" huchekesha sikio la mtu aliyelelewa akikatazwa kula kwa pupa.

Nasisitiza hivi kwa sababu hatua yenyewe ndiyo ushahidi. Buu hujivua ngozi mara mbili akiwa analishwa na maiti, kisha huiacha na kujichimbia udongoni awe bundo. Ndiyo maana wachunguzi huchimbua hadi udongo wa kando. Katika kesi ya daktari Buck Ruxton wa Uingereza, aliyewaua mke wake na yaya wao mwaka 1935, mabuu waliokutwa kwenye viungo vilivyotupwa bondeni huko Scotland walisaidia kukadiria muda ambao viungo hivyo vilikuwa pale. Ukichanganya buu na bundo, umebadilisha siku za kifo.

Upatanisho: buu ni mdudu, basi ni buu huyu, mabuu hawa. "Mabuu yalikuwa" nalisikia kila siku, lakini kwenye maandishi rasmi liache. Nzi naye hutaga, hazai, isipokuwa wachache, kama wale wa jamii ya Sarcophagidae (nzi wa nyama), ambao hutoa mabuu walio hai. Hao waandikie "huzaa" bila wasiwasi.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye "hivyo" yako. Umri wa buu unaonyesha nzi walianza kazi lini. Maiti ikiwa imefungwa kwenye turubai au chumba kisicho na upenyo, nzi huchelewa. Tena joto huharakisha ukuaji: buu wa Lindi hukua upesi kuliko mwenzake wa kwenye baridi ya Makete. Na "zilizopita" inahesabiwa kuanzia lini, siku ya uchunguzi au siku msomaji anaposoma? Ningeandika:

"Mabuu wa nzi waliokutwa kwenye maiti walikadiriwa kuwa na umri wa siku tatu; hivyo inakadiriwa kuwa marehemu alifariki si chini ya siku tatu kabla ya mwili kupatikana."