Kiingereza Hakina "-ta-"

Wengi hufundishwa mapema kwamba "-ta-" ni "will", kisha hulibeba somo hilo miaka mingi bila kulihoji. Lina ukweli nusu. Kiingereza kina "-ed" ya kukipeleka kitenzi wakati uliopita, lakini hakina kiambishi cha kukipeleka wakati ujao. Badala yake huazima: mara "will", mara "be going to", mara wakati uliopo wenyewe. Anayeweka "will" kila penye "-ta-" huenda akaeleweka, ila mara nyingine atasema jambo asilolikusudia.

Simu inaita nawe unasema "I'll answer it". Hapo "will" imekaa mahali pake, kwa sababu uamuzi umezaliwa wakati huohuo. Lakini mtu akikuuliza una mipango gani Jumamosi, ukajibu "I'll visit my aunt", inasikika kana kwamba wazo limekujia baada ya swali. Kama ulikuwa nalo tangu jana, sema "I'm going to visit my aunt". Na kama shangazi anajua na mmeshapatana saa, "I'm visiting my aunt on Saturday" ndiyo inayofaa zaidi. Kwa hiyo usiulize jambo litatokea lini. Uliza lilipangwa lini, na pamoja na nani. Ndiyo maana "It's raining tomorrow" haikubaliki: mvua haina miadi na mtu. Kwa mvua, ukiona wingu jeusi sema "It's going to rain", kwa kuwa dalili iko mbele ya macho. Ratiba za treni, ndege na mitihani huchukua wakati uliopo wa kawaida: "The train leaves at six."

Sasa tuje kwenye kosa sugu kuliko yote: "When I will arrive, I will call you." Chanzo chake ni Kiswahili chetu. "Nitakapofika" imebeba "-taka-" ndani yake, hivyo mkono huandika "will" wenyewe. Kiingereza huweka "will" kwenye kishazi kikuu tu; baada ya "when", "until", "before", "after" na "as soon as" za kutaja wakati, hutumia wakati uliopo: "When I arrive, I'll call you." "Mpaka atakapokuja" ni "until she comes". Na "kabla hajaondoka" ni "before she leaves", bila "not" yoyote, hata kama Kiswahili kimekanusha.

Hata hivyo, utakutana na "I don't know when she will arrive", nayo ni sahihi kabisa. Usichanganyikiwe. Irudishe kwenye Kiswahili: "Sijui atafika lini." Penye "lini", "will" inabaki, penye "-po-", "will" inatoka. Kwa "if" kipimo ni "-ki-". "Akija, nitamwambia" ni "If he comes, I'll tell him". "Sijui kama atakuja" haiwezi kugeuzwa kuwa "sijui akija", basi "will" inakaa: "I don't know if he will come." Kipimo hiki kitakusaidia kuliko kukariri orodha ya viunganishi.

Umbo la kitenzi baada ya "will" ni moja tu: hakina "to", hakina "-s". "She will to go" na "she will goes" zote ni mbovu. "Nitaweza" nayo huwaponza wengi, wakaandika "I will can". "Can" na "must" hazikubali kufuata "will". Sema "I will be able to" na "I will have to". Kwa "going to", linalosahaulika ni "am", "is" au "are": "I going to call" imekatwa kichwa.

Kuna mahali lugha hizi mbili zinalingana vizuri. "Atakuwa amefika" ni "She will have arrived", na zote mbili zaweza kuwa makisio ya sasa wala si habari ya kesho. "Ifikapo Ijumaa nitakuwa nimemaliza" ni "By Friday I will have finished". Angalia hiyo "by": ukiweka "until" kwa kuwa "mpaka" imekuzoea, sentensi inaharibika.

"Shall" imepungua sana katika mazungumzo. Imebaki kwenye mikataba na sheria, na kwenye maswali ya kujitolea: "Nifungue dirisha?" ni "Shall I open the window?" Ukisema "Will I open the window?" wengi watadhani unataka wakutabirie.

Mwisho ni "won't", ambayo mbali na kukanusha wakati ujao hueleza ukaidi: "The car won't start", yaani gari linakataa kuwaka, sasa hivi. Katika matamshi usiichanganye na "want". Irabu ya "won't" huanza kama "o" na kumalizikia karibu na "u". Ya "want" ni fupi na mdomo uko wazi zaidi. Sikiliza pia kinachofuata: "I want to go" ina "to", "I won't go" haina. Ukiongeza "to" kwenye "won't", msikilizaji atafungasha mizigo akidhani mnaondoka pamoja.