Namba moja imepotea wapi kwenye eksoni?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nafanya mradi wa chuo hapa Kisumu kuhusu selimundu. Nimepakua eksoni (vipande vya jeni vinavyobaki kwenye ujumbe wa RNA) za HBB, jeni ya beta-globini, kutoka UCSC na Ensembl, hifadhidata mbili za jenomu. Eksoni ya 1 inaanzia 5226929 kwenye jedwali la UCSC na 5226930 kwa Ensembl, lakini zote zinaishia 5227071. Nifuate ipi? Na mbona UCSC imeiweka mwisho wa orodha?

JIBU: Zote ziko sawa. Majedwali ya UCSC huhesabu kama futi ya fundi cherehani: inchi ya kwanza iko kati ya 0 na 1. Ensembl huhesabu besi zenyewe (herufi za DNA), kuanzia 1. Kwa UCSC, toa mwanzo kwenye mwisho upate urefu, besi 142; kwa Ensembl, toa kisha ongeza 1. Ukitaka zilingane, ongeza 1 kwenye mwanzo wa UCSC tu, mwisho usiuguse. (Ukitazama jeni kwenye skrini ya UCSC, namba huanzia 1. Sifuri ni ya majedwali na faili za BED, zinazoorodhesha maeneo ya jenomu. Kero, najua.)

Ukiingiza mwanzo wa Ensembl kwenye BED bila kuupunguza, unapoteza besi moja, nayo si ya kupuuzwa: ni ya mwisho ya eksoni ya 1, mpakani na introni, kipande kinachokatwa na kuondolewa. Naam, ya mwisho, ingawa namba yake ni ndogo. HBB husomwa kwenye uzi wa nyuma wa kromosomu ya 11, yaani kinyume na mwelekeo wa namba, hivyo eksoni ya 1 ndiyo yenye namba kubwa zaidi. UCSC hutanguliza namba ndogo bila kujali jeni inasomwa kuelekea wapi. Ukiona alama ya kutoa kwenye safu ya uzi, geuza orodha.

Mimi ningehofia zaidi usilouliza: toleo la jenomu. Namba zako ni za GRCh38, toleo jipya kuliko GRCh37, ambamo badiliko la selimundu, lenye kitambulisho rs334, liko 5227002. Kwenye GRCh37, inayotumiwa na makala nyingi za zamani, liko 5248232. Ukichanganya matoleo, huenda programu isilalamike. Itasema tu hakuna badiliko, hata kwa sampuli ya mgonjwa. Basi kabla ya kuchambua chochote, tafuta rs334 kwenye data yako. Iwe ndani ya eksoni ya 1, na kwenye faili ya VCF (orodha ya mabadiliko ya DNA) isomeke T kuwa A, si A kuwa T ya vitabuni, kwa sababu ya uzi ule ule wa nyuma.