Mama anakuja Sheffield mwezi wa nane: mimi ningempeleka Castleton kwanza

Dada uliyeuliza umtembeze wapi mama yako na watoto akija Sheffield, wenzangu wamekujibu nenda York, nenda Alton Towers, sio vibaya, ila wewe umesema mama anatoka Moshi na goti linamsumbua, watoto wana miaka 6 na 10, gari hamna na hela ya hoteli hamna. Kwa hali hiyo mimi ningeanza na Castleton na vijiji vinavyoizunguka. Mgeni wangu yeyote akija Sheffield namtoa mjini nampeleka huko, mzee kwa kijana, na hajatokea aliyerudi kanuna. Kwanza mfikishie mama shikamoo yangu.

Castleton iko ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza, ilitangazwa 1951. Usifikirie hifadhi kama zile za nyumbani. Huku hamna geti la kuingilia wala kiingilio, watu wanaishi humo humo na makanisa yao na kondoo wao, basi la kawaida linapita katikati. Toka Sheffield kuna basi namba 272 linawashusha kijijini kabisa, na kwa goti la mama chukueni hilo. Treni iwekeni siku nyingine mkienda kijiji cha jirani cha Edale, ile ya Manchester inayosimama kila kituo, maana watoto wataipenda: ukishapita Dore mnaingia kwenye handaki la Totley, karibu kilometa 6 za giza tupu, lilifunguliwa miaka ya 1890, afu mnatokeza Grindleford na mji umeisha, ni milima tu. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi treni, wako watalipa nusu.

Sasa Castleton penyewe. Mapango ya kulipia yapo manne ila msiingie yote, ni hela nyingi na watoto watachoka. Ningechagua Peak Cavern kwasababu unafika kwa mguu toka kijijini, unafuata kijito kidogo kati ya nyumba za mawe, afu ghafla mlima umefunguka mbele yako, mdomo mkubwa kiasi kwamba zamani wasuka kamba walijenga vibanda vyao humo ndani wakaishi na familia zao, kamba walizokuwa wanatengeneza ni za migodi ya madini ya risasi ya maeneo hayo. Mwambie mama aangalie juu darini, lile jeusi ni masizi ya moto waliokuwa wanapikia. Hata msipolipa, kule kutembea mpaka pangoni peke yake kunatosha. Speedwell ndio ile ya kupanda boti chini ya ardhi, watoto wataililia, ila kuna ngazi zaidi ya 100 za kushuka na ni hizo hizo za kupanda, kwahiyo mama abaki juu na mmoja wenu, na kabla hamjatoka nyumbani angalieni kama boti zinafanya kazi siku hiyo. Ngome ya Peveril pia ni ya kupanda, mnara wake ulijengwa 1176 enzi za mfalme Henry II, mama ataiona vizuri tu akiwa chini. Akitaka zawadi kuna jiwe linaitwa Blue John, lina mistari ya zambarau na njano, linachimbwa hapo hapo Castleton, kipande kidogo tu cha pete sio bei rahisi, kwahiyo mwandae kabla hajaingia dukani.

Lakini kilichonifanya niandike ni kwamba vitu bora vya huko ni vya bure, na wageni wetu wengi hawavipati kwasababu wanaogopa kuingia kwenye shamba la mtu. Ukiona kibao kimeandikwa Public Footpath, hiyo njia ni haki yako kisheria, inakatiza katikati ya shamba la mkulima, katikati ya kondoo wake, wakati mwingine inapita uani kwake kabisa, na hana haki ya kukufukuza. Nyumbani ukikatiza shamba la watu hivyo utaulizwa wewe mtoto wa nani. Kuna vigeti vidogo vimekaa ndani ya uzio wa nusu duara, unaingia kwenye ile kona, unavuta geti lipite tumboni kwako, unatoka upande wa pili, kondoo hawezi, mtu mmoja mmoja anaweza. Kigari cha mtoto hakipiti, mwenye mtoto mchanga ambebe mgongoni. Geti la kawaida mkilikuta limefungwa lifungeni mkishapita, kuta za mawe watoto wasizipande maana zimepangwa bila saruji na zinabomoka, na ng'ombe wenye ndama wapitieni mbali.

Na haki ya kutembea haikuja hivi hivi. Kile kilele cha Kinder Scout, juu ya Edale, kilikuwa cha matajiri wanaofuga ndege wa kuwindwa, mfanyakazi wa kiwandani toka Manchester au Sheffield akitia mguu anafukuzwa na walinzi. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wakapanda kwa pamoja makusudi, wakapambana na walinzi, watano wakafungwa jela, mmoja wao Benny Rothman alikuwa na miaka 20 tu. Sheria ya hifadhi ikaja 1949, na ile ya kutembea huru kwenye nyanda za juu ikaja 2000. Mimi nikiwa pale juu nawaza sana hawa vijana, na huyo wako wa miaka 10 msimulie, ataelewa.

Kwa watoto, kilima cha Mam Tor lazima. Mita 517, toka maegesho ya Mam Nick njia imetandikwa mawe mpaka kileleni, mwendo mfupi, teksi toka Castleton ikiwafikisha hapo hata mama anaweza kujaribu taratibu kama goti limeamka vizuri. Mwezi wa nane nyanda zilizo mbali zinakuwa zambarau kwa maua. Upande wa chini kuna ile barabara iliyobomoka, ilikuwa barabara kuu kabisa, mlima ukawa unateleza kila mara wakitengeneza unateleza tena, 1979 wakaifunga moja kwa moja. Leo unatembea juu yake, lami imepasuka imeinama, ukisimama pembeni ya mpasuko unaona lami juu ya lami juu ya lami, kila tabaka ni watu walijaribu kurekebisha, na mstari mweupe wa katikati unakatikia hewani. Mwanangu alikaa hapo kuhesabu tabaka mpaka tukamvuta.

Mama yenu kama ni mtu wa kanisa, mpelekeni kijiji cha Eyam siku nyingine. 1665 fundi cherehani aliletewa vitambaa toka London vikiwa na viroboto, tauni ikaingia kijijini. Mchungaji William Mompesson na mwenzake Thomas Stanley wakawashawishi watu wasitoke wasije wakaua vijiji vya jirani, wakakubali. Chakula kiliachwa mpakani, hela wakaweka kwenye matundu ya jiwe yaliyojazwa siki, na jiwe lipo mpaka leo. Walikufa watu kama 260. Nje kidogo ya kijiji kuna makaburi ya Riley, Elizabeth Hancock alizika mumewe na watoto 6 ndani ya siku 8, peke yake. Mama yangu alisimama pale akasali kimya, na tukirudi kwenye basi hatukuongea sana. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane wana ibada ya kuwakumbuka, mkiwahi itakuwa vizuri mno.

Chatsworth, lile jumba kubwa la kitajiri la zamani, wengi wameshaitaja, nyumba ni nzuri ila tiketi imechangamka, kutembea kwenye nyasi za nje kando ya mto ni bure. Ladybower nayo ni bwawa zuri, vijiji viwili vya Derwent na Ashopton vimelala chini ya maji, na njia ya kando ni tambarare inamfaa mama.

Chakula bebeni. Baa za vijijini zinapika ila jiko linafungwa mchana ukichelewa, na halali kupata ni shida. Chapati, mayai, chai kwenye chupa, mtakaa kwenye nyasi mle. Makoti ya mvua hata kama asubuhi jua linawaka, na viatu vya mama viwe na meno chini, sio malapa. Mtandao wa simu unakatika kwenye mabonde kwahiyo piga picha ratiba ya basi la kurudi kabla hujatoka nyumbani, hasa Jumapili, mabasi yanapungua na ukikosa la mwisho teksi mpaka Sheffield utalia. Niandikie hapa tarehe zenu na mtaa mnaokaa, nitakupangia siku ya kwanza kuanzia mlangoni kwenu.