Nimeshalipia nusu ya shepu, Shangazi

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 32, nimeolewa, nina watoto wawili. Tangu nimzae huyu wa pili tumbo limegoma kurudi, na makalio ndiyo usiseme, bapa kama ubao. Kuna mwanamke namfuata mtandaoni, ana watoto watatu na kiuno cha nyigu. Picha zake naziangalia kila usiku kabla sijalala. Zangu nikipiga nafuta. Hata picha za sherehe ya kuzaliwa mwanangu, zote nilizomo nimezifuta. Sasa nimepata hospitali nje ya nchi, wanatoa mafuta tumboni wanayahamishia makalioni. Walitangaza ofa ya siku tano, nikalipa nusu haraka haraka. Nusu iliyobaki nitakopa kazini. Mume wangu nimemwambia naenda semina ya wiki moja. Yeye hajawahi kunisema, ila nilimkuta amelaiki picha ya huyo huyo mwanamke. Nafikiria kumwambia dada yangu tu. Zimebaki wiki saba. Nifanye au niache? Mama wa Wawili.*

Marahaba mwanangu. Barua yako ilikuwa ndefu kuliko hiyo niliyoichapa, na nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Kila ulipoulalamikia mwili wako nilipiga mstari. Nilipomaliza nikarudi kuitazama mistari yangu: karibu kila mmoja una neno “picha”. Hukuniambia mgongo unakuuma. Hukusema umeshindwa kumbeba mwanao, au kwamba chumbani mambo yamekwama. Tumbo lako linakukera likiwa ndani ya simu, na huko ndiko ninakotaka tuanzie.

Kamera ya simu ikishikwa karibu ni mwongo wa kutupwa. Kilicho karibu na lenzi kinavimba, cha mbali kinasinyaa. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipiga hesabu wakaona kwamba pua kwenye selfi ya umbali wa sentimita 30 huonekana pana kwa kama asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Watu wamekwenda kwa daktari kulalamikia pua ambayo hawana! Sasa huyo wa kiuno cha nyigu anaujua mchezo huu vizuri, maana ndio unaomlisha. Anageuka ubavu, anaisogeza nyonga kwenye kamera, anavuta pumzi, anapiga hamsini, anaposti moja. Akishusha pumzi na kukaa kitini, tumbo lake linajikunja kama langu na lako.

Hapo bado hatujaingia kwenye programu za kuhariri, ambazo kiuno kinabanwa kwa kidole kama unga uliokandwa. Ukitaka kumnasa, usimtazame yeye, tazama nyuma yake: ukingo wa mlango, mstari wa vigae, kona ya kabati. Ukiona mlango umepinda pale pale kiuno kilipoingia ndani, ujue kidole kimepita. Norway walichoka nayo hadi wakatunga sheria, inayotumika tangu Julai 2022: tangazo lenye mwili uliohaririwa lazima liwekwe alama, hata likiwa la mtu maarufu wa mtandaoni. Ufaransa walianza na picha za matangazo ya wanamitindo mwaka 2017. Wewe hakuna anayekuwekea alama, basi jiwekee mwenyewe.

Usidhani nakucheka. Enzi zangu hakukuwa na simu za picha, lakini majarida yalikuwepo, na mimi huyu nimewahi kuvaa sketi mbili kwa pamoja, jua linawaka, ili nionekane nimejaza. Nilitoka jasho hadi soksi zikalowa. Ila lile jarida lilikuwa linafungwa. Likifungwa, mwanamke aliyemo anabaki humo, nami naendelea na maisha yangu. Wa kwako unalala naye kwenye mto mmoja.

Hili si jambo la kichwa chako peke yako, na si kwamba wewe ni dhaifu. Huko Fiji mwili ulionona ulikuwa sifa, na mtu akikonda watu waliulizana kama anaumwa. Mwaka 1995 televisheni ikafika mkoa wa Nadroga. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo huo, akarudi kuwahoji wengine mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa asilimia 11. Kisanduku kimoja sebuleni, miaka mitatu tu, wala hakuna aliyekuja kuwaambia ni wabaya. Wewe unakaa na kisanduku chako kila usiku, tena kimeshajua unachokitazama na kinakuletea zaidi.

Sasa upasuaji wenyewe. Mimi si wa kumkataza mtu mzima kuufanyia mwili wake anachotaka, na nawajua waliofanya wakaridhika. Lakini huu ulioulipia si sawa na kwenda saluni. Makalioni kuna mishipa mikubwa ya damu chini ya msuli. Mafuta yakiingizwa kwa sindano yakapenya kwenye mshipa, yanasafiri hadi kwenye moyo na mapafu, na mtu anaweza kufa pale pale mezani. Mwaka 2017 jopo la madaktari wa fani hiyo lilikadiria kwamba kifo kingeweza kufika 1 katika kila wagonjwa 3,000, kiwango cha kutisha kwa upasuaji ambao mtu ameuingia akiwa mzima. Mwaka uliofuata chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo wa Uingereza kiliwataka wanachama wake wauache. Mwaka 2022 kikalegeza, kwa masharti: mafuta yawekwe juu ya msuli tu, na daktari awe anaiona sindano yake kwa ultrasaundi.

Kwa hiyo hospitali yako ina maswali ya kujibu. Nani hasa atashika sindano, na amesajiliwa wapi? Wanatumia ultrasaundi? Nani anasimamia dawa ya usingizi? Kuna chumba cha wagonjwa mahututi hapo hapo? Ukipata usaha wiki ya tatu ukiwa umesharudi nyumbani, nani atakuhudumia? Wakikujibu kwa kukutumia picha za kabla na baada, umeshajibiwa. Na nikwambie, ofa ya siku tano imenishtua kuliko sindano. Daktari anayekuharakisha kulipa kabla hajakugusa hata tumbo anauza kama muuza viatu. Wadai pesa zako, na wakikatalia nazo, ni hasara, lakini usiifuate hasara kwa mwili wako.

Kuna kitu kuhusu hilo tumbo ambacho huenda hujaambiwa. Mimba hutanua misuli ya mbele mpaka ikaachana katikati, na kwa wengine hairudiani yenyewe. Hilo mtu wa fiziotherapia hulipima kwa vidole tu, ukiwa umelala chali na kuinua kichwa kidogo. Likiwa ndilo tatizo, kuna mazoezi yake maalumu, na kunyonya mafuta hakulitibu.

Na hii semina, mwanangu. Wiki moja! Baada ya kuhamishiwa mafuta makalioni huruhusiwi kuyakalia kwa kama wiki mbili. Utalala kifudifudi au ubavu, umevaa vazi la kubana mchana na usiku, mavazi yanalowa majimaji, kwenda chooni ni kwa mbinu. Ndege utaikaliaje? Mtoto wa miaka mitatu akikurukia mapajani utamwambiaje? Na likikufika la kukufika ukiwa huko, mumeo apigiwe simu na mtu asiyemjua, aambiwe mkewe aliye semina yuko chumba cha wagonjwa mahututi? Tena hayo mafuta yaliyohamishwa, kiasi chake hunywewa na mwili kwenye miezi ya mwanzo, hivyo hata shepu unayoiona siku ya kwanza siyo utakayobaki nayo. Huo uongo wa semina utalazimika kuuongezea mwingine.

Ile laiki, muulize. Wanaume wengi wanalaiki kama wanavyofukuza nzi, bila kuangalia. Huenda hata hakumbuki. Huenda anakumbuka, na mtazungumza. Vyovyote vile umemshitaki, ukamhukumu na ukajipa wewe adhabu, yeye hana habari kuwa kulikuwa na kesi.

Jibu langu: usiende hizi wiki saba, na mkopo usiuguse. Acha kumfuata huyo mwanamke leo, na simu ilale sebuleni. Kaa miezi sita. Ukiona bado unajitazama kwenye kioo saa nzima, unakwepa sherehe, unavaa manguo ya kujificha, mtafute mshauri wa afya ya akili kabla ya daktari wa upasuaji. Mtu akiwa na hali hiyo, kisu mara nyingi hakimpi nafuu: makalio yakijazwa, jicho linahamia kwenye mikono, kisha kwenye kidevu. Ukiona umetulia na bado unataka, nenda kwa daktari wa karibu unayeweza kurudi kwake, ukiwa na mumeo.

Umesema unafikiria kumwambia dada yako. Mwambie wiki hii, ana kwa ana, simu zenu zikiwa chumba kingine. Halafu muulize kama anazo picha za sherehe ya mwanao. Nina hakika naye alipiga.