The Breaker: anzia juzuu ya kwanza, usirukie New Waves

Kama unapenda sinema za kung fu na unataka kuingia kwenye manhwa, yaani katuni za Kikorea, anza na The Breaker. Mtunzi ni Jeon Geuk-jin, mchoraji ni Park Jin-hwan. Ni kisa cha Shi-woon, mwanafunzi mnyonge anayeonewa shuleni, na Chun-woo, mwalimu mgeni ambaye kumbe ni mpiganaji hatari anayewindwa. Kijana anamng'ang'ania hadi amkubali awe mwanafunzi wake wa mapigano.

Mfululizo wa kwanza ulitoka kati ya 2007 na 2010, juzuu 10. New Waves ikaupokea hadi 2015, juzuu 20, kisha Eternal Force ikaanza mwaka 2022. Soma kwa utaratibu huohuo. Wasomaji wapya wengi huvutwa na New Waves kwa kuwa michoro yake imekomaa zaidi, na hapo ndipo wanapojiharibia: mwanzo wake tu unafichua jinsi mfululizo wa kwanza ulivyoisha. Hata muhtasari wake usiuguse kwanza.

Kabla ya kuanza, elewa mambo mawili. Murim ni jumuiya ya siri ya wapiganaji, yenye koo, muungano na sheria zake. Hadithi nyingi za aina hii huiweka China ya kale. The Breaker inaileta Korea ya leo, watu wana simu na suti, na ndiyo maana inamfaa mgeni kuliko zile za kale zenye majina na vyeo tele. La pili ni danjeon, sehemu iliyo chini ya kitovu ambako mpiganaji huhifadhi ki, nguvu yake ya ndani. Ikiharibiwa, mazoezi ya miaka yote yanapotea. Ukilishika hilo, utajua kwa nini pigo fulani la tumbo linawafanya mashuhuda wote wanyamaze.

Kurasa husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, tofauti na manga za Kijapani. Ukizisoma kinyume, ngumi itafika kabla haijarushwa. Kwenye simu, mapigano makubwa huchorwa kutandaa kurasa mbili. Usipoilaza simu utaona nusu mkono na nusu uso. Halafu usikimbilie maneno. Tazama kwanza miguu ya wapiganaji, kisha nyonga, kisha mkono. Park huonyesha nani amepiga hatua na nani amepoteza mizani kabla ya pigo, kwa hiyo anayesoma viputo vya maneno pekee humaliza pambano bila kujua mshindi alishindia wapi. Pambano moja huweza kuchukua sura kadhaa. Ni bora usome juzuu nzima kwa kikao kimoja kuliko sura moja kila siku.

Sura za mwanzo zina utani mwingi, na Chun-woo anahangaika na wanawake kupita kiasi. Wengi huacha hapo. Vumilia hadi juzuu ya tatu, maana huo mzaha unaficha mtu mwingine kabisa, na hadithi inazidi kuwa nzito kadiri inavyokwenda. New Waves nayo huchosha katikati kwa siasa za koo. Andika pembeni nani yuko upande gani. Majina yatakuchanganya pia, kwani kila mfasiri ana tahajia yake: Shi-woon wa hapa ni Si-un wa kule.

Damu ipo, mifupa inavunjika, na wanawake wamechorwa kwa namna isiyomfaa mtoto. Mtoto wa shule ya msingi asipewe.

Eternal Force ina rangi na husomwa kwa kuteremsha skrini kwenda chini, si kwa kufungua kurasa. Mapigano yake yana mwendo mwingine, basi usiyapime kwa yale ya juzuu za rangi nyeusi na nyeupe kabla hujazizoea hizo kwanza.